Fadhila Deni, Bondi Deni Jengine: Rubani Anapotaka Kuhama Kazi

Rubani anayetaka kutoka kampuni ndogo ya Unguja kwenda shirika kubwa ana madeni mawili. La kwanza ni fadhila: kampuni ilimpokea akiwa na leseni ya biashara, yaani CPL, na saa 200 tu za kuruka, wakati barua zake kwengine kote hazikujibiwa. La pili ni bondi, ile karatasi aliyotia saini siku alipopelekwa kusomea aina fulani ya ndege, kwamba akiondoka kabla ya muda uliowekwa atarejesha gharama ya masomo hayo. Wengi wetu tulipofika njia panda tuliyachanganya madeni haya, na kila kosa lililofuata lilianzia hapo. Wapo waliobaki miaka mingi kwa kuona haya, kana kwamba wanadaiwa umri wao. Wapo walioondoka kimyakimya, wakijiambia kuwa mshahara ulikuwa mdogo mno na kwa hivyo hawadaiwi chochote. Makundi yote mawili yalilipa, na si kwa fedha peke yake.

Mambo huanza mapema kuliko siku ya kuandika barua. Huanzia kwenye logibuku, kile kitabu ambamo rubani huandika saa zake za kuruka.

Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi Dar es Salaam ni kama maili 40 za baharini. Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja ya kampuni zetu, huzimaliza kwa dakika 20 hivi hewani. Unguja hadi Pemba ni nusu saa. Rubani anaweza kutua mara nane kwa siku, shati limelowa jasho, na jioni akiandika anakuta hata saa nne hazikufika. Chukua wastani wa saa 50 kwa mwezi: kutoka saa 200 hadi 1,500, ambazo ndizo sharti la leseni ya juu, ATPL, ni miezi 26. Sasa tazama bondi nyingi za hapa: miezi 24, au 36. Mwajiri naye anajua kupiga hesabu. Anajua siku utakayoanza kutazama nje, na karatasi yake imekatwa kwa kipimo hicho. Si uovu huo, ni biashara; lakini nawe ujue.

Saa 1,500 zenyewe hazitoshi. Ndani yake lazima ziwemo saa 75 za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea saa za ndani ya ndege bila kutazama nje, na saa 100 za usiku, na hizi za usiku ndizo zinazowakwamisha marubani wa visiwani. Ratiba zetu ni za mchana. Mtalii anataka kufika hotelini kabla ya jua kuchwa, na ndege ya injini moja haina nafasi kubwa gizani. Utamkuta mtu ana saa 2,300, mkono wake umetulia hata upepo wa kusi ukivuma vibaya, lakini saa za usiku ana 41. ATPL hana, na bila hiyo hata maombi yake hayasomwi. Dawa yake ni kuanza mapema: mwambie anayepanga ratiba kwamba safari za alfajiri na za kurejesha ndege jioni unazitaka wewe. Na usiandike usiku kwa sababu adhana ya magharibi imelia. Usiku wa leseni huanza jua likishafika nyuzi 6 chini ya upeo, ambapo kwetu ni dakika kama 20 baada ya kuchwa.

Jambo jengine ni uzito. Fomu nyingi za mashirika makubwa huuliza una saa ngapi kwenye ndege za zaidi ya kilo 5,700, zenye injini mbili au zaidi, zinazoendeshwa na marubani wawili. Caravan ya kawaida uzito wake wa juu wa kurukia ni kama kilo 3,970, injini moja, na imeidhinishwa kwa rubani mmoja. Unaweza kuwa na saa 3,000 ukajaza sifuri kwenye kisanduku hicho. Tena kanuni za kimataifa zinasema ukiwa rubani msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja ambayo nchi imeamuru iwe na wawili, saa zako huhesabiwa si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu, isipokuwa mamlaka iridhike kwamba ndege ina vifaa vya watu wawili na kweli inaendeshwa kwa utaratibu wa watu wawili. Hapa ndipo vijana hujiharibia. Wanakaa wawili mbele, safari moja, na kila mmoja anajiandikia kuwa yeye ndiye kapteni. Msaili mwenye uzoefu hulinganisha logibuku mbili zilizotoka kampuni moja, akaiona tarehe ileile, ndege ileile, na makapteni wawili. Au hukuta Unguja–Dar imeandikwa dakika 55 mwezi mzima. Muda unaohesabiwa ni tangu ndege inapoanza kutembea ili iruke mpaka inaposimama baada ya kutua, kwa hivyo dakika 28 au 30 zinaeleweka. Hamsini na tano kila siku hazieleweki.

Ndiyo maana ushauri wetu kwa aliye kwenye Caravan ni kwamba hatua ya kwanza si Dubai wala Doha. Ni ATR au Q400, ndege za propela zenye injini mbili na marubani wawili, hapahapa nyumbani au nchi jirani. Tangu Air Tanzania ilipofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400, kisha Airbus A220 na Boeing 787 zikafuata kuanzia 2018, ngazi hiyo imekuwa karibu zaidi kuliko ilivyokuwa. Mshahara wa mwanzo huenda usishangaze mtu. Unachokwenda kukichukua ni saa za injini mbili na marubani wawili.

Sasa bondi. Isomeni kabla ya kutia saini, si siku ya kuondoka. Cha kutazama kwanza ni kama deni linapungua kila mwezi au linakaa palepale hadi siku ya mwisho. Tuchukulie bondi ya dola 24,000 kwa miezi 36. Ikiwa inapungua, kila mwezi unakata dola 667 hivi, na ukiondoka mwezi wa 20 umebakiwa na miezi 16, yaani kama dola 10,670. Ikiwa haipungui, unadaiwa 24,000 zote hata ukiondoka mwezi wa 35. Tofauti hiyo hukaa kwenye sentensi moja, mara nyingi ukurasa wa tatu.

Cha pili ni bondi juu ya bondi. Marubani hurudi kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, au kwenye majaribio kila miezi sita. Baadhi ya mikataba husema kila mafunzo ya marudio yanaanzisha kipindi kipya. Ukikubali hilo, miezi 36 haitaisha maisha. Mafunzo ya marudio ni gharama ya kawaida ya kuendesha kampuni ya ndege. Bondi iwe kwa ndege mpya tu. Cha tatu, dai risiti. Andikisha kwamba kiasi cha bondi ni kile kilicholipwa kweli kwa chuo, tiketi na malazi. Mafunzo ya ATR au ya ndege za jeti za njia fupi kwa kawaida huangukia kati ya dola 20,000 na 35,000, kutegemea chuo na saa za simuleta. Mafunzo ya Caravan hayafiki huko hata karibu, kwa hivyo ukiletewa bondi ya Caravan ya dola 30,000, uliza.

Dhamana ndiyo inayovunja nyumba. Wapo waajiri wanaotaka hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, wapo wanaotaka hati ya nyumba ya wazee. Nyumba ya mtaa wa Ng'ambo iliyojengwa na babu, ina warithi kumi na mmoja, haiwekwi rehani kwa ajili ya kiti cha mbele cha ndege. Na leseni halisi usimkabidhi mtu aiweke kabatini kwake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, imekupa wewe. Mwajiri anahitaji nakala.

Halafu siku moja simu inaita. Pengine ni rafiki uliyesoma naye chuo cha urubani, yuko Addis Ababa au Ghuba. Anasema wanaajiri. Wazee wetu wamesema usiache mbachao kwa msala upitao, na katika kazi hii usemi huo una maana ya makaratasi kabisa: barua ya ajira yenye masharti si ajira. Karibu kila ofa ya kwanza inakuja na masharti ya afya, simuleta, uhakiki wa leseni, uchunguzi wa usalama na viza. Usitoe notisi mpaka hayo yote yamepita. Kosa hili tumelifanya wengi, na huwa haliji kwa ujinga bali kwa furaha. Mtu amefaulu usaili, amewaambia nyumbani, mama ameshapika pilau na majirani wameshajua, haya inamshika kuendelea kwenda kazini kama kwamba hakuna kitu. Anaandika barua. Wiki tatu baadaye daktari wa kule anaona shinikizo la damu limepanda, anataka vipimo vya saa 24.

Kwa hivyo kabla hata ya kuomba, nenda kapime mwenyewe kila kinachopimwa kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza: presha, sukari, moyo, masikio, kutambua rangi. Masikio hasa. Miaka mitatu karibu na propela ya Caravan bila vizibo huonekana kwenye karatasi. Kiingereza chako nacho kikague: kiwango cha 4 ndicho cha chini, na cheti chake kina mwisho wa muda; cha 6 hakiishi. Na siku ya usaili ukilazimika kwenda Dar, chukua boti ya saa moja asubuhi. Kupanda kwa hisani ndege ya mwajiri wako kwenda kutafuta mwajiri mwengine ni jambo linalofanywa, lakini halipendezi.

Uhakiki wa leseni hauendi kwa mwajiri. Mamlaka ya nchi mpya huiandikia TCAA, TCAA hujibu moja kwa moja. Wewe unajaza ridhaa na kulipa ada. Kwa hivyo yale maneno ya barazani kwamba kampuni inaweza kuzuia leseni yako kwa hasira yasikutishe. Kinachoweza kukuchelewesha ni tukio la usalama ambalo halijafungwa, mfano ndege iliyogonga ndege wa porini ikaandikiwa ripoti nusu. Funga mambo yako. Cheti cha tabia njema kwa aliyeko Unguja huanzia Polisi, makao makuu Ziwani, kwa alama za vidole. Anza nacho mapema lakini si mapema mno, maana nchi nyingi hukikataa kikishapita miezi mitatu au sita. Vyeti vya skuli na chuo vitahitaji kuthibitishwa wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa unakokwenda.

Kuhusu pesa, watu hulinganisha vibaya. Wanachukua mshahara wa kule, wanaugeuza kuwa shilingi, wanaona kama ndoto. Fanya hivi: kwanza ondoa kodi pande zote mbili. Kwetu kodi ya mshahara hufika asilimia 30 katika daraja la juu. Ghuba mshahara haukatwi kodi ya mapato. Halafu toa unachokipata hapa bila kukihesabu. Nyumba ya familia huilipii pango. Watoto wako skuli unayoimudu. Rubani wa Caravan hulala kwake takriban kila siku, na Ramadhani anafuturu nyumbani. Kule utaruka saa 80 au zaidi kwa mwezi, nusu yake usiku, na idi utaiona kwenye simu. Mafao ya mwisho nayo yana mtego. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inatoa siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, lakini hesabu ni ya mshahara wa msingi tu. Posho ya nyumba na ya saa haimo. Ofa iliyojaa posho hung'aa leo na kukonda mwishoni.

Uliza pia nafasi yako kwenye orodha ya ukongwe. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Ghuba yalipunguza marubani kwa mamia, na aliyeingia jana ndiye mwenye kinga ndogo. Wala nyumbani si salama kwa jina: Fastjet Tanzania ilianza kuruka Novemba 2012 na ikasimama Desemba 2018, na marubani wake walibaki wakitafuta. Utiifu kwa kampuni haukulindi na kufungwa kwa kampuni. Hili huwa linawauma watu kulisikia, lakini mwajiri akiishiwa hatakubakisha kwa sababu ulimvumilia.

Basi fadhila inalipwa vipi? Kwa wakati wa kuondoka. Kampuni yenye Caravan sita ikipoteza makapteni wawili mwezi wa Julai, inasimamisha ndege. Kumpata mbadala si kuweka tangazo: kuna darasa, mafunzo ya ndege, majaribio, kisha wiki kadhaa za kuruka njiani chini ya mkufunzi mpaka aachiwe. Miezi miwili hupita upesi. Julai na Agosti, kisha Disemba hadi Februari, ndio msimu wa wageni. Mvua za masika, Aprili na Mei, hoteli zimefunga na ndege zimelala; hapo ndipo pa kuondokea. Ukiweza kuliomba shirika jipya likupangie darasa la Mei badala ya Julai, umelipa fadhila kubwa kuliko hotuba yoyote. Mara nyingi hukubali, wana madarasa kila mwezi.

Notisi isome kwenye mkataba, halafu uangalie uko chini ya sheria ipi, maana kazi si jambo la Muungano ingawa usafiri wa anga ni la Muungano. Kampuni ya Dar iliyokuajiri kwa sheria za bara iko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambapo anayelipwa kwa mwezi notisi yake haipungui siku 28, na mgogoro huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeajiriwa Zanzibar yuko chini ya Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na pa kuanzia ni Kamisheni ya Kazi. Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo ni tofauti, ZSSF huku na NSSF kule. Mikataba ya makapteni mara nyingi hutaka miezi mitatu. Na kumaliza notisi hakufuti bondi, wala kulipa bondi hakufuti notisi. Yule kijana anayedhani akilipa dola zake anaweza kuondoka kesho amekosea kusoma.

Mwambie rubani mkuu kabla ya ofisi ya utumishi, uso kwa uso, siku ambayo nyote hamruki. "Shikamoo Kapteni. Nimepata nafasi, nataka uisikie kutoka kwangu." Barua iwe fupi: tarehe ya leo, siku ya mwisho ya kazi, ombi la hesabu ya bondi kwa maandishi, shukrani sentensi moja. Malalamiko ya miaka mitatu yasiingie humo. Mabaharia wa hapa husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sekta yetu ina ngama ndogo sana: fomu ya shirika jipya ya kuulizia historia yako ya miaka mitano itafika mezani kwa rubani mkuu huyohuyo.

Anaweza kujibu kwa kukuongezea. Usikatae papo hapo wala usikubali papo hapo. Ukapteni wa ATR ulioahidiwa "mwakani" bila tarehe ni maneno. Ukiwa na tarehe, cheo, kiasi, na hauleti bondi mpya kimyakimya, ni ofa ya kweli, na kwa mwenye wazee wagonjwa Chake Chake huenda ikawa bora kuliko ya ng'ambo. Lakini kama kilichokufanya utake kuondoka ni ndege kurushwa na kasoro zisizoandikwa, au shinikizo la kuruka ukiwa umechoka, nyongeza hairekebishi hilo. Ondoka.

Pengo baina ya kazi mbili hupuuzwa kuliko yote. Darasa la mwezi wa tano huahirishwa hadi wa nane. Katika muda huo siku 90 zinapita bila zile mara tatu za kutua zinazotakiwa, kibali cha kuruka kwa vyombo kinakaribia mwisho, cheti cha afya vilevile. Panga uondoke majaribio yako yakiwa mapya, yamebakiza miezi mitano au zaidi, na weka akiba ya miezi sita ya matumizi ya nyumba, nje ya fedha za bondi. Bondi yenyewe omba kulipa kwa awamu. Waajiri wengi hukubali wakiona umekuja mwenyewe.

Siku ya mwisho rejesha kitambulisho cha uwanjani, vitabu vya ndege, mabega ya sare, funguo, na upate karatasi ya kukamilisha iliyosainiwa kila idara. Chukua taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii uone kama kila mwezi uliokatwa umepelekwa. Usipoulizia sasa hutaulizia ukiwa Doha. Kisha mpe rubani mkuu logibuku. Agonge muhuri kila ukurasa wa saa za kampuni yake, atie saini jumla ya mwisho, aandike namba ya leseni yake pembeni. Fanya hivyo kabla hajaenda kula chakula cha mchana, maana wino wa muhuri wa ofisi ile umekauka tangu Ramadhani na mtu mwenye funguo za kabati la wino mpya huondoka saa saba.